Kupima makala za nanochembe za kubebea dawa: nani anatajwa, na kwa nini

Orodha yangu ya kwanza ya makala zinazotajwa zaidi (yaani zinazorejelewa na watafiti wengine) kuhusu nanochembe, chembe ndogo mno, za kubebea dawa ilirudi na swali moja la kalamu nyekundu: "Maeda yuko wapi?" Nilikuwa nimetafuta nanoparticle pamoja na drug delivery, nikapanga kwa idadi ya kutajwa, nikaona kazi imekwisha. Kumbe makala ya Matsumura na Maeda ya mwaka 1986 katika jarida la Cancer Research, iliyoeleza jinsi molekuli kubwa zinavyojikusanya kwenye uvimbe wa saratani, haina hata moja ya maneno hayo katika kichwa chake. Imetajwa maelfu ya mara, na wavu wangu haukuinasa.

Kwa hiyo tuanze na wavu.

Hatua ya 1: Maneno ya kutafutia
Fungua PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na baiolojia, ni bure. Andika kwa Kiingereza: nanoparticle*, nanocarrier*, micelle*, liposom*. Yaunganishe kwa OR, funga kundi zima kwenye mabano, kisha weka AND "drug delivery". Kinyota huleta miisho yote ya neno. Liposomu, yaani vifuko vidogo vya mafuta, usiziache: watafiti walikuwa wakizijaribu kubebea dawa tangu miaka ya 1970, kabla "nano" haijawa mtindo.

Hatua ya 2: Rudi nyuma
Chukua makala 20 za mapitio (zinazojumlisha tafiti za wengine) za karibuni, upekue marejeo yao. Kazi inayojitokeza katika tano au zaidi, nayo haimo kwenye orodha yako, iongeze kwa mkono. Hapa ndipo Maeda anapoingia. Inachosha, tena sana, lakini mimi siiruki tena.

Hatua ya 3: Tenga mapitio na utafiti
PubMed ina kichujio cha Review. Makala ya mapitio hutajwa kwa wingi kwa sababu mwandishi mwenye haraka hutaja hiyo moja badala ya tafiti kumi zilizomo ndani yake. Weka orodha mbili.

Hatua ya 4: Sawazisha umri
Makala ya 1986 imekuwa ikiokota kutajwa kwa takriban miaka 40. Ya juzi itashindana nayo vipi? Nakili namba za PubMed za makala zako, uzibandike kwenye iCite, chombo cha bure cha NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Angalia safu ya RCR (Relative Citation Ratio). Hulinganisha kasi ya kutajwa kwa mwaka na ile ya fani husika, na 1.0 ndiyo kiwango cha kawaida cha tafiti zilizofadhiliwa na NIH.

Hatua ya 5: Soma sentensi zenyewe
Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo wengi huikwepa. Mwaka 2016, Wilhelm na wenzake walichapisha katika Nature Reviews Materials uchambuzi wa tafiti za miaka kumi: kwa thamani ya katikati, asilimia 0.7 tu ya dozi ya nanochembe iliyodungwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Wapo wanaoitaja kama msingi wa kazi yao, na wapo wanaoitaja ili kupinga namna ilivyokokotolewa. Kihesabio hakijui tofauti. Kila mmoja ni moja. Chagua makala 30 zinazoitaja kazi unayoipima, uzigawe: zinazoijengea, zinazoipinga, zinazoipitia tu kama salamu za njiani. Hilo kundi la tatu likiwa kubwa kuliko yote, usidhani umekosea.

Hatua ya 6: Tafuta mgonjwa
Doxil, yaani dawa ya saratani doksorubisini ndani ya liposomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995. Je, makala unayoipima imesogea kuelekea huko? Sehemu ya iCite iitwayo Translation huonyesha idadi ya makala za kitabibu zilizoitaja. Ukikuta makala iliyotajwa sana lakini hapo ina sifuri, iwekee alama uisome upya. Pengine ni kazi ya kemia, ya namna ya kuunda chembe zenyewe, na kuipima kwa mizani ya wodini ni kuionea.