Jinsi ya Kuomba Tiketi ya Ruhusa Ukiwa Mfungwa New South Wales, Mwaka 1836

Karatasi yangu nimeitia mkononi juzi, baada ya kuzungushwa nikazunguka. Nawaandikia nyinyi wafungwa mnaoletwa kutoka Uingereza na kushushwa melini Sydney sasa hivi, katika koloni hii ya Waingereza huku Australia, mkiambiwa na wenyeji, "Tulia tu, tiketi itakuja yenyewe." Haiji. Inaombwa, tena inafuatiliwa.

Mjue kwanza kwamba tiketi si msamaha. Kifungo kinaendelea palepale. Ila unaacha kumtumikia mtu kwa mgawo wa unga na nyama, unajitafutia kazi, na ujira unaingia mfukoni mwako.

Muda wa kungoja kila mtu anaukariri tangu baharini: mwenye kifungo cha miaka 7 anaomba akishatumikia 4, wa miaka 14 akishatumikia 6, wa maisha akishatumikia 8. Wasichowaambia ni kwamba hiyo ni hesabu ya mtu aliyekaa na bwana mmoja tu, yaani yule aliyepangiwa kumtumikia. Ukishakuwa na mabwana wawili, wa miaka 7 anangoja 5, wa miaka 14 anangoja 8, na wa maisha anangoja 10.

Hapo ndipo nilipoumia. Bwana wangu wa kwanza alielemewa na madeni, akauza kondoo wake wote, mimi nikapelekwa kwa mwingine. Sikuiba, sikutoroka, sikumjibu mtu jeuri. Lakini daftarini nikasomeka "mabwana wawili", na mwaka mzima ukaniongezekea. Nilipomweleza karani wa mahakama ya wilaya yetu, alisema daftari lina nafasi ya majina, halina nafasi ya sababu. Kisha akaenda kula.

Kwa hiyo siku bwana anapokuacha, kabla hajafunga mizigo, mwombe barua: alikuwa nawe tangu lini hadi lini, mwenendo wako ulikuwaje, na kwa nini mnaachana. Kama hajui kuandika, na wapo wasiojua huku wana makundi ya kondoo hayahesabiki, atie alama mbele ya shahidi. Barua haikuhakikishii kitu, lakini usipokuwa nayo utakuwa unabishana na daftari. Yangu nilimfuata yule bwana wa kwanza hadi mji wa Parramatta, kwa ruhusa ya maandishi ya bwana wa pili, ambaye hakuitoa mpaka kondoo wake wa mwisho aliponyolewa. Nilipoipata, ule mwaka wa ziada ulikuwa umeshakwisha wenyewe.

Jambo la pili ni rekodi ya adhabu. Tangu sheria ya 1832 ya Gavana Bourke, hakimu mmoja akiwa peke yake hawezi kukuchapa zaidi ya viboko 50, nasi tunashukuru kwa ukarimu huo. Mgongo utapona, lakini adhabu imeandikwa, na tiketi inasogezwa mbele. Bwana wako haruhusiwi kukuhukumu mwenyewe. Anakupeleka kwa hakimu, ambaye mara nyingi ni mfugaji jirani yake aliyekula naye chakula cha jioni Jumapili. Ukitukanwa, tazama chini, hesabu kwato za farasi.

Ombi lenyewe linataka neno la bwana wako, kisha linapita kwa mahakimu wa wilaya, ndipo linakwenda Sydney kwa Msimamizi Mkuu wa Wafungwa. Usimwendee bwana wakati wa mavuno wala wa kunyoa kondoo. Anajua kwamba akisaini anapoteza mkono usiolipwa, na atakwambia kalamu imepotea. Nenda kazi zikipungua, naye akiwa amelipwa pesa ya sufu.

Mbele ya karani, jina lako peke yake halina thamani. Akina John Smith ni wengi kuliko mbwa, kwa hiyo taja meli: uliletwa na meli gani, mwaka gani. Kama ni Asia, sema safari ipi, maana imeleta wafungwa mara nyingi. Jina litamke kama lilivyoandikwa siku uliyofika, hata kama mwandishi wa siku hiyo alilikosea. Ukilisahihisha sasa, unageuka mtu ambaye hakuwahi kushuka.

Ukishakabidhiwa tiketi, isome papo hapo, au usomewe. Imeandikwa urefu wako, rangi ya nywele na macho, makovu na chale. Rafiki yangu mmoja aliandikiwa macho ya bluu, naye macho yake ni ya kahawia. Kila askari anayemsimamisha barabarani anamshuku kwamba karatasi ni ya wizi. Tazama pia jina la wilaya, kwa sababu ndimo unamoruhusiwa kuishi. Kazi ikipatikana wilaya nyingine, unaomba pasi ya kusafiri, na foleni ni ileile. Jumapili uonekane kanisani, na ukiitwa kuhesabiwa ujitokeze. Mahakimu wanaweza kupendekeza tiketi ifutwe kwa ulevi tu.

Kifungo kikiisha, tiketi haijigeuzi kuwa hati ya uhuru. Hiyo nayo unaiombea upya. Wenye kifungo cha maisha hawana tarehe ya kuisha, kwao ni kuomba msamaha wa Gavana. Wengi hupewa ule wa masharti: unakuwa mtu huru hapa koloni, lakini kurudi Uingereza huruhusiwi.