Kabla hujanunua kamera ya mfukoni ya kusaidiana na ile kubwa

Kabla hujaenda Kariakoo kuulizia bei, kaa chini uhesabu picha ambazo huna. Mimi nina maelfu ya picha za harusi za watu, lakini za mama yangu akiwa jikoni hazifiki tano za maana. Nimevuka kwenda Unguja kwa boti sijui mara ngapi, na picha zote za njiani ni za simu, maana kamera ilikuwa ndani ya begi, begi chini ya kiti, na juu ya begi zigo la mtu. Kamera yangu kubwa, Canon 6D, ikiwa na betri ina gramu 770, na lenzi yake ya zumu ya 24-105 mm gramu 670. Karibu kilo moja na nusu inaning'inia shingoni. Ukiitoa, mashangazi wanaweka kanga vizuri, watoto wanapiga pozi, na kile ulichotaka kukipiga kimeshakwisha.

Basi andika hizo picha unazozikosa, hata kwenye simu: ndani usiku, barabarani mchana, wanyama Mikumi, watoto wasiotulia. Kamera ndogo huwa inafanya vizuri kitu kimoja au viwili. Anayenunua bila orodha hiyo huishia kuwa na kamera mbili ambazo zote zinabaki nyumbani.

Ukishaandika, jiulize kwanza kama kweli unahitaji kamera nyingine. Kwa wenye Canon kuna lenzi ya 40 mm f/2.8 STM, nyembamba kama chapati mbili, gramu 130 (mm zikiwa nyingi lenzi inavuta mbali zaidi, na namba ya f ikiwa ndogo inaingiza mwanga zaidi). Wenye mashine ambazo sensa yake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo kidogo, zile za APS-C, wana ya 24 mm f/2.8 ya gramu 125. Mara nyingi lenzi kama hiyo iliyotumika ni nafuu kuliko kamera ndogo yoyote yenye maana, na tatizo la uzito linapungua kwa zaidi ya theluthi. Mimi nilianzia hapo. Uzito ulipungua, ila ile sura ya "mpigapicha amefika" haikupungua hata kidogo, na klaki-klaki ya kioo kinachoruka ndani ya kamera ikaendelea kunisuta msibani na kanisani. Kamera nyingi za mfukoni shata yake, kile kipazia kinachofunguka na kufunga mwanga, iko ndani ya lenzi na hazina kioo cha kuruka. Ukizima mlio wa bandia husikii kitu.

Sasa tuje kwenye sensa, na simaanishi ile ya watu na makazi. Muuzaji atakutajia megapikseli. Mwache ataje. 6D yangu ina megapikseli 20, Sony RX100 ya mwaka 2012 ina 20, na kuna kamera za bei chee zenye 20 vilevile. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kile kipande kinachopokea mwanga. Cha 6D ni milimita 36 kwa 24. Cha RX100, kinachoitwa cha "inchi 1", ni 13.2 kwa 8.8, hiyo inchi huipati popote ukipima na rula, ni jina lililorithiwa kutoka mirija ya kamera za video za zamani. Kamera nyingi za bei ya chini zina kile cha 1/2.3, takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Zidisha mwenyewe: kikubwa kinazidi cha inchi 1 mara saba na kitu, na cha inchi 1 kinazidi kile kidogo mara nne.

Hapo ndipo simu yako inapoingia kwenye hesabu. Simu nyingi za bei ya kati na ya juu siku hizi zina sensa kubwa kuliko 1/2.3, na programu zake zinajua kusafisha picha za usiku. Kununua kamera ya 1/2.3 kwa ajili ya picha za ndani ni kulipia kitu ambacho tayari kiko mfukoni. Nailinda kwa sababu moja tu, ambayo ni zumu. Canon SX740 HS, kwa mfano, inavuta mara 40, sawa na lenzi ya milimita 960 kwenye kamera kubwa. Kama orodha yako imejaa ndege na tembo wa mchana, hiyo haina mjadala. Jua likizama, irudishe kwenye begi.

Kwa wengi wetu, kwa hiyo, mstari wa chini ni sensa ya inchi 1, na kutoka hapo angalia lenzi. RX100 ya kwanza inaanza na 28 mm kwenye f/1.8, safi kabisa. Ukivuta mpaka 100 inafunga hadi f/4.9, na mwanga unaoingia unashuka hadi karibu sehemu moja ya saba. Canon G7 X Mark II ya 2016 inakwenda kutoka 24 hadi 100, ikianza f/1.8 na kuishia f/2.8, kwa hiyo kule mbele mwanga umepungua kidogo zaidi ya nusu tu. Ukiwa ukumbini unapiga sura kwa mbali, tofauti hiyo utaiona bila kuambiwa. Ila ina gramu 319, na RX100 ina 240. Kwenye mfuko wa shati gramu hizo zinaonekana, kwenye mkoba hazionekani. Kuna pia Ricoh GR, iliyoanza 2013 ikiwa na sensa ya APS-C na lenzi isiyozumu, sawa na 28 mm. Kwa barabarani naiona ndiyo kamera, lakini ni ya mtu anayependa kusogea kwa miguu, na si ya kumpa binamu akupige picha mezani.

Mandhari ya nyuma kufifia kama kwenye lenzi yako ya 85 mm, sahau. Kamera ndogo inapenda kuonyesha kila kitu, mpaka kamba ya nguo nyuma ya bibi harusi.

Jambo linalosahaulika hadi siku ya kwanza ufukweni ni kioo cha nyuma. Saa saba mchana Coco Beach, skrini ya kamera ya mfukoni inageuka kuwa kioo cha kujitazama. RX100 ya kwanza na G7 X Mark II hazina tundu la kuchungulia. RX100 III ya 2014 ina kijitundu kinachochomoza juu. Kama picha zako ni za juani, kipe hicho kijitundu uzito kuliko zumu. Flashi nazo ni ndogo na zinapiga uso kama tochi ya polisi, lakini ile ya RX100 inasimama juu ya kijiti chake, na ukiivuta nyuma taratibu kwa kidole cha shahada inatazama dari, na mwanga unarudi laini kutoka juu. Chumba chenye dari nyeupe na fupi kinatosha kuokoa sherehe nzima.

Kwa kuwa hizi mbili zitafanya kazi pamoja, hakikisha zinaelewana. Ndogo nayo iwe inatoa faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaipika, ili rangi za ngozi za kamera hizi mbili uzisuluhishe mwenyewe kwenye kompyuta, usibaki na JPEG tupu. Na hizo RAW zifunguke kwenye programu uliyonayo. G7 X Mark III, kwa mfano, inatoa RAW ya aina ya CR3, na programu za zamani zinazofungua CR2, aina iliyotangulia ya Canon, bila shida haziijui kabisa. Angalia kadi: 6D inatumia SD na kamera ndogo pia, raha, mwenye 5D Mark II ya kadi za CF atabeba aina mbili. Betri ndogo inaisha haraka. RX100 imepimwa picha 330 kwa chaji moja, 6D inapata 1,090. Weka ya pili kwenye bajeti tangu mwanzo, na usinunue ile ya bei ya maandazi, zinavimba na kugoma kutoka.

Saa! Kabla ya shughuli yoyote weka kamera zote mbili mbele yako na uzilinganishe hadi dakika. Harusi moja nilibeba ndogo ambayo saa yake ilikuwa imejirudisha baada ya kukaa wiki nyingi bila chaji. Nilipomwaga picha zote kwenye kompyuta na kuzipanga kwa muda, bi harusi alikuwa anatoka kanisani kabla hajaingia, na keki ilikatwa kabla ya misa. Na kama zote ni Canon, majina ya faili yanaanza na IMG na yanaweza kugongana. Zimwage kwenye mafolda mawili tofauti, la sivyo siku moja utabonyeza "badilisha" ukiwa na usingizi.

Bei imeharibika kidogo siku hizi. Vijana wamerudi kwenye vikamera vya zamani, na IXUS ya Canon ambayo mtu alikuwa anamwachia mtoto achezee sasa ina bei ya kujidai, huku G7 X ikipanda mpaka inachekesha. Mfuate mwenzako kwenye mitindo ukipenda, lakini usilipie mtindo ukidhani unalipia picha. RX100 ya zamani, kwa kuwa haina umaarufu huo, bado unaweza kuipata kwa bei ya kibinadamu.

Maana yake utanunua mtumba, na mtumba unakaguliwa. Nenda na kadi yako na usikubali "betri haina chaji, lakini nzima". Iwashe na kuizima mara kumi huku umeisogeza sikioni. Lenzi itoke na kurudi kwa sauti moja laini. Ukisikia kama mtu anakanyaga mchanga, hiyo imeshakwenda ufukweni kabla yako. Lenzi ya kamera ndogo inavuta hewa kama mvukuto kila inapotoka, na vumbi likiingia hulitoi. Kwenye kubwa unafungua lenzi na kupuliza. Hapa mpaka fundi aifungue yote. Kwa hiyo weka f/11, vuta zumu mpaka mwisho, piga anga au ukuta mweupe, halafu ikuze kwenye skrini. Vidoa vya kijivu ndiyo hilo vumbi. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu, ukitazama kwa pembeni. Huku pwani, kwa unyevu wetu, fangasi huota ndani kama nyuzi za buibui, na muuzaji atakuambia ni alama za kidole. Bandika gazeti ukutani, lipige moja kwa moja: upande mmoja ukisomeka na mwingine ukififia, iliwahi kuanguka.

Fungua menyu pia. Sony nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zina Kijapani peke yake, na mzigo mwingi wa mtumba unatoka huko. Nilinunua moja hivyo, gizani dukani, nikiwa na haraka ya kuwahi daladala. Niliishi nayo miezi, nikikariri menyu kwa idadi ya mibonyezo kama mtoto wa madrasa, na siku nilipotaka kufuta picha moja nilifuta kadi nzima.

Dai risiti ya EFD, na kama kuna siku za kurudisha ziandikwe juu yake kwa kalamu. Zitumie siku hizo kwenye picha ngumu kuliko zote katika orodha yako. Kwangu ni jikoni kwa mama baada ya magharibi: balbu moja, moshi wa dagaa, mama haachi kutembea. Ipige kwa ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 1600, kisha 3200, bila flashi, shata isiwe ya polepole kuliko sekunde 1/100, na uzitazame kwenye kompyuta, si kwenye kile kioo kidogo kinachopendezesha kila kitu. Kama sufuria inaonekana na uso hauonekani, kesho yake asubuhi rudi nayo dukani kabla hapajajaa watu.