Somo: Kufuatilia mwani mgeni pwani bila kuusambaza

Ndugu wanachama, wengi mmekuwa mkituma picha za mwani msioufahamu, na swali ni lilelile: "Tuung'oe?" Jibu langu kwa sasa ni msiung'oe. Naandika kwa uchungu, maana miaka kadhaa nyuma mimi na wenzangu tuliung'oa mwani wa aina hiyo kwa mikono, tukaujaza kwenye magunia ya wavu na kuyaburuta majini hadi nchi kavu. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeridhika kabisa. Msimu uliofuata mwani ulikuwa umeota kwenye njia yote tuliyopitisha yale magunia.

Sababu ni hii. Mwani hauna mizizi. Unaushika mwamba kwa kishikizo tu, na chakula chake unakifyonza majini kwa mwili mzima, kwa hiyo kwa aina nyingi kipande kilichokatika si kama tawi la mti lililovunjika. Caulerpa taxifolia, kwa mfano, ni mwani wa kijani ambao mwili wake wote ni seli moja kubwa. Kipande cha sentimita moja huziba jeraha lake na kuanza kutambaa upya. Mwaka 1984 ulionekana Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, ukiwa umeenea kama mita moja ya mraba. Baadaye ukaonekana Ufaransa, Italia, Hispania na Kroatia, na waliousaidia sana kusafiri ni watu wenye nanga na nyavu, bila kujua.

Hatua ya 1: Chagua maji. Nenda siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maana ndipo maji hupwa mbali zaidi. Anza kushuka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyorudi. Usiende peke yako. Mmoja wenu kazi yake iwe kuangalia maji tu, na yakianza kujaa mnatoka hata kama hamjamaliza.

Hatua ya 2: Weka mstari wa kudumu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu anapima leo mahali hapa, baada ya miezi mitatu anapima hatua ishirini pembeni, kisha anatangaza kwamba mwani umepungua. Kumbe alichobadilisha ni mahali.

Chagua mwamba usiohama au nguzo, uandike vipimo vya mahali kutoka kwenye simu. Simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo ongeza alama za macho: simama penye mwanzo wa mstari, tafuta vitu viwili vya nchi kavu vinavyolingana kimoja nyuma ya kingine, uvipige picha. Mvuvi hurudi kwenye mwamba wake kwa njia hiyohiyo.

Sasa nyoosha kamba ya mita 50 kutoka juu kuelekea kwenye maji. Tengeneza fremu ya mraba, nusu mita kila upande, kwa bomba la plastiki lililotobolewa ili lizame. Ifunge nyuzi ndani upate vijiraba 25, yaani miraba midogo iliyo sawa. Kila baada ya mita 5 iweke chini, hesabu vijiraba vilivyofunikwa na mwani huo, zidisha kwa 4, hiyo ndiyo asilimia yako. Pasipo na kitu andika sifuri. Nawasihi sana kwenye hili, msiache nafasi tupu. Sifuri ya leo ndiyo itakayothibitisha kesho kwamba mwani umefika pale, na umefika lini.

Hatua ya 3: Piga picha za kutambulisha. Ninahitaji mwani mzima ulipoota, kishikizo chake, jani kwa karibu pamoja na rula, na vibofu vya hewa kama unavyo. Msitegemee rangi. Mwani wa kundi la mwekundu unaweza kuwa kijani, kahawia au manjano kabisa. Jina linalotolewa na programu ya simu lichukuliwe kama dhana ya kuanzia. Sampuli ichukuliwe tu kama sheria za eneo lenu zinaruhusu: kipande kimoja, kwenye mfuko uliofungwa.

Hatua ya 4: Tafuta ukingo. Katikati ya zulia la mwani hapana habari mpya. Tembea hadi unapokoma, weka alama, na urudi kila baada ya miezi mitatu. Kagua pia kamba, maboya na gati za bandarini, kwa sababu wageni wengi huja wameganda chini ya vyombo, na huko ndiko huonekana kwanza.

Hatua ya 5: Safisha. Viatu, kamba, fremu, nanga. Kagua kwa macho, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha hadi vikauke kabisa. Maji ya kusuuzia yasirudi baharini.

Hatua ya 6: Toa taarifa mapema. Pelekeni picha na vipimo kwa mamlaka ya uvuvi au mazingira. Caulerpa ileile ilipoonekana California mwaka 2000, kwenye lagoni ya Agua Hedionda, haikupewa muda. Waliifunika kwa maturubai papo hapo chini ya maji, wakaingiza klorini ndani, wakaendelea kupiga mbizi na kukagua kwa miaka. Mwaka 2006 ikatangazwa kwamba imekwisha. Monaco ilianza na mita moja ya mraba na ikaachwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Pwani: Shikamoo mwalimu. Huku tunapokea marundo ya mwani wa rangi ya dhahabu unaoelea, una vipira vidogo. Nao ni mvamizi?

Marahaba binti. Kama uko upande wa Atlantiki au Karibi, na mwani huo hauna kishikizo, basi huo ni sagasamu unaoishi ukielea maisha yake yote. Ni mwenyeji wa Atlantiki. Kilichobadilika ni wingi, tangu 2011 umekuwa ukifika kwa marundo makubwa. Fremu yetu haiufai. Jihadharini tu unapooza, kwani hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na si nzuri kwa kifua. Usiuchanganye na Sargassum muticum wa kutoka Japani, ambao huota juu ya mwamba, kisha matawi yake hukatika na kuelea yakiwa yamebeba mbegu.

Mpiga Mbizi: Kaka, mwani si chakula cha samaki? Mbona tunauogopa?

Si kila mgeni ni adui, ndugu yangu, na wengine huwapa viumbe wadogo maficho. Ila Caulerpa taxifolia ina sumu inayowafanya walaji wengi wauache, kwa hiyo unakua bila wa kuupunguza. Tatizo jingine ni kivuli. Kwenye ghuba ya Kaneohe, Hawaii, aina ya mwani uitwao Kappaphycus iliyopelekwa miaka ya 1970 ilikuja kuyafunika matumbawe yakiwa hai. Mimi huangalia kilicho chini ya zulia. Nyasi za bahari zikianza kufa, sisubiri ushahidi mwingine.

Mzee wa Miamba: Kwa hiyo kung'oa ni mwiko daima?

Hapana mzee wangu. Kung'oa bila mpango ndiko kubaya. Hukohuko Kaneohe waliunyonya kwa pampu, kisha wakaachia urchini wa bahari wa asili ya hapo, viumbe wenye miiba mwili mzima, ili wayale machipukizi. New Zealand nao walifaulu: mwaka 2000 mashua ya uvuvi ilizama visiwa vya Chatham ikiwa imegandwa na mwani uitwao wakame, yaani Undaria. Wapiga mbizi walibandika masanduku kwenye ubavu wa mashua na kuyapasha moto maji ndani yake, maana wakame una hatua ya maisha isiyoonekana kwa macho, ambayo mkono hauwezi kuing'oa. Lakini kusini mwa Uingereza walijaribu kuung'oa Sargassum muticum miaka ya 1970, wakashindwa, ulikuwa umeshaenea.

Asha wa Kamba: Mwalimu, nimesoma nimechelewa. Jumamosi tuliung'oa, na magunia yako ufukweni hadi sasa.

Pole dada, nakuelewa. Magunia yapandisheni juu ya alama ya maji ya bamvua, leo kabla maji hayajajaa. Utandazeni mwani juani, mbali na mfereji wowote unaoingia baharini, hadi ukiubana mkononi uvunjike. Usirudi majini hata ukionekana umekufa. Kisha pitieni njia yote mliyoburuta, hatua kwa hatua, mpige picha kila mita 5. Rudini bamvua ijayo mpite palepale, halafu nitumie picha zote mbili mbili nizilinganishe.