Mchoro wa mwanafunzi unaofundisha afya: kuanzia karatasi hadi ukutani

Kazi huharibika kabla penseli haijagusa karatasi, pale wanafunzi wanapoambiwa wachore "usafi" au "malaria". Mada pana namna hiyo huzaa picha yenye kila kitu. Wape tendo moja linaloonekana kwa macho: kunawa kwa sabuni ukitoka chooni, au kuchomeka chandarua chini ya godoro. Mhudumu wa afya awaeleze undani wake (sekunde 20, sabuni ifike kati ya vidole na chini ya kucha), kisha ahakiki michoro ikiwa bado ya penseli. Ikishapakwa rangi, nani ana moyo wa kumwambia mtoto afute?

Kila mmoja achore vichoro vitatu vidogo. Cha kwanza mara nyingi ni bango alilowahi kuliona mahali. Cha tatu ndicho chake.

Teua viwili, funika maneno, uonyeshe watu kumi miongoni mwa walengwa, mmoja mmoja. Uliza: unaona nini? Picha inakutaka ufanye nini? Usiwasaidie. Wakikosea watatu, mchoro urudi mezani. Mitego hujitokeza hapa. Ukimchora mtu anayekunywa maji machafu na kumpiga alama ya X, wapo watakaomwona mnywaji tu. Mbu aliyekuzwa kama kuku humfanya mtazamaji aseme mbu wa kwao si wakubwa hivyo. Picha ya kutisha hugeuza macho, na ikifanana na mgonjwa anayejulikana inakuwa fedheha kwa familia yake. Chora tendo sahihi, likitendwa na mtu wa kawaida.

Maneno yasizidi saba. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Njano juu ya nyeupe haisomeki.

Kwa ukuta, piga miraba ya sentimita 2 juu ya mchoro na ya sentimita 20 ukutani, uhamishe mraba kwa mraba. Karatasi ya A3 hutoa picha ya karibu mita 3 kwa 4.2. Kwangua rangi inayobambuka, ziba nyufa, paka rangi ya msingi (ya kutangulia, inayoshikisha rangi za juu) na uiache ikauke. Ukuta unaopanda unyevu kutoka chini uachane nao, utabambua hata rangi ya bei kubwa. Tumia rangi ya maji ya kupakia kuta: lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mpako mmoja kwenye ukuta laini, pungufu kwenye ukuta mkavu unaonyonya. Jina la mtoto liandikwe kwa ridhaa ya mzazi.

Bango la kunawa likae juu ya bomba, usawa wa macho ya wanaolengwa. Sabuni iwepo kwanza. Kabla ya kulibandika, hesabu kwa nusu saa wanaotoka chooni na wanaonawa. Rudia baada ya wiki mbili, saa ile ile. Hesabu isipopanda, angalia bomba na sabuni kabla ya kuulaumu mchoro.