Siku tatu kwenye gari-nyumba bila umeme, msitu wa Prairie Creek

Kambi ya Elk Prairie imo ndani ya msitu wa redwood, miti mirefu sana, wa Prairie Creek, kaskazini mwa California. Hakuna pa kuchomeka umeme wala bomba la kuunga kwenye gari. Mimi hufanya hivi.

1. Pima gari kabla ya kulipia. Mwisho ni futi 27, na la kuvutwa futi 24. Hesabu hadi kibebea baiskeli cha nyuma. Nafasi hufunguliwa miezi 6 kabla, na za Julai hazikai.

2. Jaza maji, gesi na mafuta mjini, mwaga tangi la choo, pakua ramani. Simu huko ni ya kubahatisha.

3. Panga umeme. Hapa ndipo nilipoumia. Safari ya kwanza nilikwenda na paneli mbili za sola juu ya paa, nikajiona nimemaliza kazi. Miti ile mingine inapita mita 90. Saa sita mchana chini yake ni kama magharibi. Usiku wa pili betri ikaisha, feni ya hita ikazima, tukalala na makoti. Siku hizi naomba nafasi za ukingoni mwa uwanda wa nyasi, ambako anga iko wazi, ingawa asubuhi za kiangazi ukungu wa bahari hukawia kuondoka. Friji naiendesha kwa gesi badala ya umeme. Hita nawasha jioni nusu saa, na alfajiri tena. Jenereta inaruhusiwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku tu, na kusema kweli, kelele yake mle msituni inaniaibisha.

4. Vyombo osha kwenye beseni. Maji yake yaende kwenye tangi la maji machafu la gari, si kwenye mizizi.

5. Okota kila kombo, hata punje ya wali. Kuna ndege wa buluu mwenye kishungi anayefuata makombo kambini. Wakizidi, wanakula mayai ya ndege mmoja wa baharini anayeruka hadi huku kutaga yai moja tu, juu ya tawi lenye kuvumwani. Chakula kingine weka kwenye kabati la chuma la kambi, dubu wapo.

6. Siku ya kuondoka jiongezee nusu saa. Elki, kulungu wale wakubwa, wakisimama barabarani, zima injini ungoje. Usipige honi.