Kurudisha rangi ya kiwandani kwenye Land Rover ya zamani ukiwa Tanga

Rangi sahihi ya Land Rover Series II (kuanzia 1958) au Series III (1971 hadi 1985) haing'ai kama kioo. Gari hizi zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, na rangi ya tabaka moja isiyo na klia (vanishi angavu ya kung'arisha) juu, yenye vijinundu vidogo kama ganda la chungwa. Ukimwaga klia na kuisugua mpaka ujione sura, umepata gari jipya kwa macho, lakini si lile lililotoka kiwandani.

Hatua ya 1: Itafute rangi yenyewe

Usichague rangi kwa kutazama boneti. Jua la pwani limeshaipausha, na huenda imepigwa rangi mara kadhaa. Fungua pale ambapo fundi rangi hakufika: chini ya viti, nyuma ya dashibodi, chini ya bawaba za milango. Lowesha kwa maji, piga msasa namba 800 kwenye duara dogo, malizia na 2000. Yatatokea maduara: rangi za juu, praima za gereji, rangi ya kiwandani, praima yake, na katikati kabisa alumini tupu. Rangi iliyo ya chini kuliko zote ndiyo unayoitaka. Isugue kwa kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) kabla ya kulinganisha, maana rangi iliyofifia hudanganya jicho.

Linganisha nje, kivulini, mchana. Taa za gereji zinaweza kufananisha rangi mbili ambazo nje ziko mbalimbali. Kijani kilichokolea agiza kama Bronze Green LRC 001. Ile krimu ya paa na ringi ni Limestone LRC 007. Namba ni mahali pa kuanzia tu. Omba ichanganywe kidogo, pulizia kadi, iache ikauke kabisa, ndipo uamue.

Hatua ya 2: Jua kisichopakwa rangi

Vipande vya kingo za bodi ya nyuma kwa kawaida vilichovywa zinki vikaachwa hivyo hivyo. Usivipake. Chasisi ni nyeusi. Alama za kulehemu kwa nukta na vichwa vya ribiti vilionekana tangu kiwandani, kwa hiyo usivifukie kwa puti.

Hatua ya 3: Vua rangi, kisha toa chumvi

Bodi ni alumini, lakini ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma, na fremu za milango nazo ni chuma. Kila kimoja kina dawa yake. Kwenye alumini tumia dawa ya kuvulia rangi na kikwanguo cha plastiki. Soda kali huila alumini, na kupiga mchanga kwa kompresa hukunja bati. Brashi ya waya iliyotumika kwenye chuma isiguse alumini kamwe: huacha chembe za chuma ambazo baadaye huanzisha malengelenge chini ya rangi mpya.

Kwa gari lililolala Raskazone au kando ya barabara ya Pangani, chumvi ndiyo adui mkubwa. Chumvi iliyobaki chini ya rangi huvuta unyevu kupitia kwenye rangi, na baada ya miezi rangi huvimba. Osha kwa maji mengi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, ukirudia kwenye maungio ya mabati. Kausha, futa kwa kitambaa chenye dawa ya kuondoa mafuta, kisha usiguse tena kwa mkono mtupu.

Hatua ya 4: Praima

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Praima ya asidi, ile inayoing'ata alumini ili rangi ishike, hupulizwa nyembamba sana, kiasi kwamba alumini bado inaonekana. Usiweke puti juu yake, kwa kuwa asidi huizuia kushika na kukauka vizuri. Panapohitaji puti, tumia praima ya epoksi, puti juu yake, kisha praima ya kujaza. Usiweke epoksi juu ya praima ya asidi isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Praima ya asidi ifunikwe siku hiyohiyo, maana hunyonya unyevu wa hewa.

Hatua ya 5: Subiri hewa

Usipulize unyevu ukipita asilimia 85, wala bati likiwa chini ya nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80 ina umande kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo bati la nyuzi 26 halifai. Anza saa nne asubuhi, bati likishapata joto, na umalize kabla upepo wa bahari haujaleta vumbi. Masika acha kabisa. Rangi ya selulosi (inayokauka kwa tina kuyeyuka tu, bila hadena) ikipigwa kwenye unyevu huwa nyeupe kama ukungu, kwa sababu tina inayoyeyuka hupoza bati na maji hutua juu yake. Tumia tina ya polepole. Kompresa iwe na chujio la maji, na tangi lake limwagwe kila asubuhi.

Hatua ya 6: Kupuliza

Changanya kopo zote za rangi kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, zisije zikatofautiana. Kwa rangi ya hadena (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) uwiano wa kawaida ni rangi 2 kwa hadena 1 pamoja na tina asilimia 10, lakini fuata kopo lako. Pua ya bunduki milimita 1.3 au 1.4, presha baa 2 hivi, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpigo ufunike nusu ya uliopita. Piga mikono miwili au mitatu ya rangi hiyohiyo, dakika 10 hadi 15 kati yake. Limestone huonyesha rangi ya praima iliyo chini, kwa hiyo weka praima ya rangi moja kote.

Hadena ina isosianati, kemikali inayoweza kuharibu mapafu kabisa. Barakoa ya hospitalini haizuii kitu. Tumia kinyago chenye hewa safi ya bomba, na usiruhusu mtu mwingine karibu. Usipokuwa nacho, piga selulosi, lakini bado vaa kinyago cha vichujio vya mkaa.

Vijinundu vikitoka, viache. Msasa wa 2000 ni kwa vumbi na matone tu.

Hatua ya 7: Kufunga

Chuma na alumini vikigusana penye chumvi, alumini ndiyo inayooza. Weka boliti zilizopakwa zinki, washa za plastiki na gundi ya kuziba kwenye kila maungio. Kwa selulosi, subiri siku 30 kabla ya nta.