Namna ya kusoma taarifa ya tetemeko dogo la baharini

Uko Kampala au Kasese, simu inakuletea habari: tetemeko la 4.9 baharini, kina kilomita 10. Usishike namba moja ukaacha nyingine.

Anza na saa. Vituo vingi vya kimataifa vya kupima matetemeko huandika saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia. Ongeza 3 upate za Uganda. 21:40 kwao ni saa 6:40 usiku kwetu, na tarehe imeshageuka. Wengi hukosea hapo wakadhani ni tetemeko jingine.

Kisha ukubwa. Kuanzia 4.0 hadi 4.9 huhesabiwa kuwa jepesi: karibu na kitovu (mahali palipo juu ya chanzo cha tetemeko) vyombo hugongana kabatini, madirisha hulia, lakini nyumba imara kwa kawaida haidhuriki. Kipimo hiki hakipandi kama bei ya ndizi. Kila namba moja ikiongezeka, mawimbi ya ardhini huwa makubwa mara 10, na nishati karibu mara 32. Kwa hiyo tetemeko la Bukoba, Tanzania, la 10 Septemba 2016, lililokuwa 5.9 na kutikisa hadi Rakai huku Uganda, lilitoa nishati karibu mara 32 ya hili la 4.9. Ukipanda namba mbili, nishati ni mara 1,000.

Sasa kina, yaani chanzo kiko chini kiasi gani: kisichofika kilomita 70 huitwa kifupi. Lakini hiyo "10" ishuku kidogo: vituo vikiwa vyote upande wa nchi kavu, kina hakipimiki vizuri, na wataalamu mara nyingi huweka 10 kama kianzio. Kwa mtu aliye mbali haibadilishi kitu. Kitovu kikiwa kilomita 40 kutoka ufukweni, chukua 40 mara 40, jumlisha 10 mara 10, tafuta kipeuo cha pili: kutoka ufukweni hadi chanzo ni kilomita 41 tu. Ila likitokea chini ya nyumba yako, 10 na 30 si sawa hata kidogo.

Tsunami? 4.9 haina nguvu ya kuinua sakafu ya bahari. Chini ya 6.5 ni nadra mno.

Usichanganye ukubwa na ukali. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Ukali, unaoandikwa kwa namba za Kirumi, hutofautiana mahali hadi mahali. Na 4.9 ikigeuka 4.7 baada ya saa chache, hakuna aliyedanganya: rekodi za vituo zaidi zimefika.

Siku musisi (tetemeko) akipita kwako mwenyewe, hesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na mtikisiko mkubwa, zidisha kwa 8, upate umbali wako na chanzo kwa kilomita. Sekunde 5 ni kama kilomita 40.